Beni: Kura, Panga na Ebola

Tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku nne Wakongomani wapige kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza mjini Kinshasa kwamba Beni na Butembo hazitashiriki. Wakazi wa miji hiyo miwili na vijiji vinavyoizunguka, mkoani Kivu Kaskazini, wangesubiri hadi Machi. Sababu zilizotajwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Corneille Nangaa, yuleyule ambaye Desemba 2023 alizindua muungano wa waasi akiwa Nairobi. Rais mpya alipangiwa kuapishwa Januari. Maana yake, mtu wa Beni aliambiwa asubiri kumchagua rais ambaye kufikia siku hiyo angekuwa ameshakaa ikulu.

Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje kwa tangazo hilo moja.

Wenyeji walipiga hesabu haraka. Watoto wao walikuwa wakienda shule tangu Septemba. Masoko yalikuwa wazi, ibada zilikuwa zikiendelea, na mapema mwezi huohuo mgombea wa upinzani, Martin Fayulu, alikuwa amehutubia umati mkubwa huko bila serikali kuzuia mkutano kwa sababu ya maambukizi. Kila mtu alijua kwamba kanda ile haikumtaka mgombea aliyeungwa mkono na Rais Joseph Kabila. Ugonjwa ulioruhusu soko, misa na mkutano wa hadhara ukawa umekataza sanduku la kura peke yake.

Kesho yake vijana wa Beni waliingia barabarani. Polisi na askari wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi. Baadhi ya waandamanaji walivamia kituo walikolazwa watu waliokuwa wakishukiwa kuwa na Ebola, wakaharibu mahema na kupora vifaa, na wagonjwa wakakimbia. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima: Waafrika wachoma kituo cha Ebola. Kilichotokea siku tatu baadaye hakikusikika sana. Tarehe 30 Desemba, siku nchi nyingine ilipokuwa ikipiga kura, watu wa Beni waliandaa uchaguzi wao wenyewe. Walipanga foleni kwa maelfu, wakapiga kura za karatasi, wakahesabu. Na kabla ya kupiga kura, walinawa mikono kwa maji yenye dawa ili kujikinga na Ebola.

Naomba msomaji aitazame vizuri foleni hiyo. Watu walewale walioitwa wajinga wasioamini ugonjwa walikuwa wakinawa mikono kwa hiari yao, bila askari kuwasimamia. Ugonjwa waliujua. Waliyemkataa ni yule aliyekuwa akiwaambia habari zake.

Ebola ilitangazwa Mangina, mji mdogo ulio karibu kilomita 30 kutoka Beni, tarehe 1 Agosti 2018. Wiki moja kabla, tarehe 24 Julai, Wizara ya Afya ya Kongo ilikuwa imetangaza kumaliza mlipuko mwingine kule Équateur, magharibi mwa nchi. Ule ulidumu chini ya miezi mitatu na kuua watu 33. Wizara ilikuwa ileile, virusi vilikuwa vya aina ileile, chanjo ileile, na wataalamu wengi walikuwa walewale. Kongo ilikuwa imepambana na Ebola mara tisa tangu 1976, na hakuna nchi duniani yenye uzoefu zaidi. Waliofika Mangina walikuja na matumaini ya kumaliza kazi kabla ya mwaka kwisha. Ikawachukua karibu miaka miwili.

Kilichokuwa tofauti ni mahali penyewe. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa. Wauaji walikuja usiku na mapanga na mashoka, wakaingia vijijini na hata vitongojini mwa mji, wakaua familia nzima, wakatokomea msituni. Serikali ilisema ni ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Ripoti za wachunguzi zikadai kwamba hata baadhi ya maofisa wa jeshi la Kongo walikuwa na mkono katika baadhi ya mauaji. Usiku mmoja wa Agosti 2016, katika mtaa wa Rwangoma, waliuawa makumi kwa mara moja. Wananchi waliomba ulinzi, wakaandika barua, wakaandamana, wakafunga maduka na kukaa ndani siku kadhaa, mgomo ambao huko huitwa mji mfu. Kambi za jeshi zilikuwepo. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kilikuwepo. Mauaji yakaendelea.

Kisha mwaka 2018, kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi hawakuwahi kuusikia ukitokea kwao, yakaja magari. Yakaja mahema, majenereta, madaktari kutoka Kinshasa, wageni wa kila taifa, na fedha. Miaka minne watu walikuwa wameambiwa kwamba serikali haina uwezo. Swali lililoulizwa katika kila kibaraza cha Beni lilikuwa la haki: mbona tulipokufa kwa panga hamkuja?

Halafu wageni hao walikuja wakiwa wamezungukwa na askari. Kwa upande wao hofu ilikuwa ya kweli, maana barabara zilikuwa za hatari. Lakini fikiria mama aliyefiwa na mwanawe usiku uliopita, anaona gari la askari wenye bunduki likisimama uani, wanashuka watu waliofunikwa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi unyayoni, wanataka maiti. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ni lazima nieleze namna chanjo ile ilivyofanya kazi, kwa sababu ndipo imani ya wananchi inapogeuka kuwa suala la kitaalamu. Dozi hazikutosha mji mzima, na mpango wenyewe haukuhitaji mji mzima. Mgonjwa mmoja akigundulika, huulizwa aliowagusa, aliolala nao chumba kimoja, waliomwosha, waliompa lifti ya pikipiki. Wote hao huchanjwa, na wale waliokutana nao pia huchanjwa, ili virusi vizungukwe na watu wenye kinga. Baada ya hapo kila aliyetajwa hufuatwa nyumbani kila siku kwa siku 21, apimwe joto. Mpango ni mzuri ajabu, na ulifaulu sana penye ushirikiano. Lakini mpango mzima unasimama juu ya ulimi wa mgonjwa. Asipotaja majina, hakuna wa kuzungukwa.

Katika nchi ambako mtu akitajwa kwa askari anaweza asirudi nyumbani, nani atatoa orodha ya ndugu zake na anwani zao kwa mgeni aliyefuatana na askari? Sioni ujinga hapo. Naona busara iliyojengwa na miaka mingi ya maumivu, ikitumika mahali ambapo safari hii iliua.

Kwa kuwa iliua kweli. Wagonjwa walifichwa. Wengine walikwenda katika zahanati ndogo za mitaani, ambako Ebola, inayoanza na homa na maumivu ya kichwa kama malaria au taifodi, ilitibiwa kwa sindano na dripu pasipo glavu za kutosha. Zahanati hizo zikageuka visima vya maambukizi. Wahudumu wa afya zaidi ya 150 waliambukizwa katika mlipuko huo.

Mwezi Septemba 2018 watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Matokeo yao yalichapishwa Machi 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Chini ya theluthi moja ya waliohojiwa waliamini kwamba viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo kabisa. Na waliokosa imani na viongozi ndio hasa waliosema hawatakubali chanjo wala kwenda hospitalini. Kumbuka kwamba wananchi hao walihojiwa miezi mitatu kabla ya kunyimwa kura. Serikali ilikuwa tayari ina deni, ikaamua kuongeza deni.

Fedha nazo ziliharibu. Wauguzi wengi wa Kongo hawalipwi mshahara na serikali, wanaishi kwa michango ya wagonjwa. Hao waliona vijana kutoka Kinshasa wakilipwa posho ya siku moja iliyozidi pato la wenyeji la muda mrefu. Waliona magari yakikodiwa kwa dola, na wakajua ni ya nani. Wakaupa mradi huo jina la biashara ya Ebola. Mtu aliyekufa kwa malaria hakuwa na posho ya mtu yeyote. Mwaka 2019 surua ilikuwa ikiwamaliza watoto wa Kongo. Kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 nchini, karibu mara tatu ya Ebola, na hakuna misafara ya magari iliyoonekana kwa ajili yao. Wazazi waliliona hilo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Februari 2019 mambo yakaharibika zaidi. Tarehe 24 kituo cha matibabu cha Katwa, jirani na Butembo, kilishambuliwa na kuchomwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kituo cha Butembo. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakiviendesha, waliondoa watu wao katika eneo hilo. Machi, rais wa shirika hilo, Joanne Liu, alisema hadharani kwamba mapambano yanashindwa kwa sababu wananchi wanachukuliwa kama adui, na kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vifo vilikuwa vikitokea majumbani, nje ya vituo. Nimesoma taarifa nyingi za mashirika kuhusu mlipuko ule, na chache zina ujasiri wa kujilaumu kama ile.

Mwezi huohuo idadi ya wagonjwa ikapita 1,000. Na mwezi huohuo, tarehe 31 Machi 2019, Tume ya Uchaguzi ikawaita watu wa Beni na Butembo wakachague wabunge. Desemba, wagonjwa walipokuwa kama 600, kupiga kura kulikuwa hatari kwa afya. Machi, Ebola ikiwa imepamba moto kuliko wakati wowote uliotangulia, kukawa salama. Félix Tshisekedi alikuwa rais tangu Januari 24. Kama kuna mtu bado aliamini kwamba Ebola ndiyo iliyoahirisha kura, siku hiyo aliachiwa jibu.

Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo wakati wa kikao cha wahudumu wa afya, wakamuua Daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Aliacha nchi yake kuja kuokoa wasiomjua. Kifo chake hakina udhuru, na naandika hivi ili mtu asidhani kwamba kuieleza hasira ya wananchi ni kuwatetea wauaji. Mgala muue na haki mpe. Wiki ya mwisho ya mwezi ule waliambukizwa zaidi ya watu 100. Julai mgonjwa wa kwanza akaonekana Goma, mji wa watu zaidi ya milioni moja ulio mpakani na Rwanda, na tarehe 17 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Siwezi kutaja siku ambayo upepo uligeuka. Uligeuka taratibu, mtaa kwa mtaa, na mara nyingi kwa jambo ambalo msemaji wa serikali asingelitaja redioni.

Chukua suala la kumwona mgonjwa. Mwanzoni mtu aliingizwa kwenye hema, na familia ikabaki nje ya uzio kusubiri habari. Habari ya kwanza waliyopata mara nyingi ilikuwa ya msiba. Shirika la ALIMA lilijenga Beni vyumba vya plastiki angavu, kimoja kwa kila mgonjwa. Daktari aliweza kuingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshonwa ukutani na kumhudumia bila kuingia ndani, na mama akasimama upande wa pili akamwona mwanawe akila, akamsikia, akaongea naye. Vyumba hivyo havikutibu kitu. Lakini mtu aliyekaa saa nzima akimwona nduguye akipewa maji na dawa hawezi tena kuhadithiwa kwamba ndani wanaua watu.

Au chukua mazishi. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola hujaa virusi, na kuosha maiti ndiyo njia moja kubwa ya kuambukizwa. Timu za mwanzo zilifunga maiti kwenye mfuko, zikazika upesi, na uvumi ukaenea kwamba viungo vinaibwa. Baadaye ikatumika mifuko yenye dirisha angavu usoni, ndugu akaruhusiwa kuthibitisha kwamba ni wake, mchungaji akaomba, jeneza likabebwa na vijana wa mtaa huohuo waliofundishwa kujikinga. Heshima hiyo ya mwisho haikuhitaji msaada wa benki yoyote. Ilihitaji mtu wa kuuliza: ninyi huzika vipi?

Na waliopona. Aliyeugua Ebola akapona hubaki na kinga, kwa hiyo akina mama waliopona waliweza kuwabeba na kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Beni kulikuwa na chumba maalum cha watoto hao karibu na kituo cha matibabu. Mwanamke wa Beni aliyerudi mtaani akiwa hai, akazungumza kwa Kinande na Kiswahili cha nyumbani, alikuwa hoja nzito kuliko mabango yote ya Kifaransa. Hasa baada ya Agosti 2019, majaribio ya dawa yaliyofanyika hukohuko Kongo yalipoonyesha kwamba dawa mbili zinaokoa maisha, na kwamba waliowahi kituoni mapema ndio waliopona kwa wingi zaidi. Mojawapo ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa Yambuku 1976 virusi vilipogunduliwa na Kikwit miaka 19 baadaye, ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa mapambano Julai 2019. Alikuwa na jambo jipya la kuwaambia watu: njooni mapema, mtapona. Kabla ya hapo ujumbe mkuu ulikuwa kwamba Ebola inaua, na mtu anayeambiwa atakufa huchagua kufia kwake.

Waziri wa Afya Oly Ilunga alijiuzulu baada ya kuondolewa kwenye usukani huo. Machi 2020 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitano cha kazi ngumu kwa kuiba zaidi ya dola 400,000 za mapambano ya Ebola. Yeye alikana. Kwa wenyeji hukumu hiyo ilithibitisha walichokuwa wakisema tangu mwaka wa kwanza, nao wakiitwa waeneza uvumi.

Kulikuwa na baya zaidi. Septemba 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba wanawake wengi wa Beni waliahidiwa kazi za usafi, upishi na ufuatiliaji wa wagonjwa iwapo wangelala na wanaume wa mapambano. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika hilo lenyewe. Wanawake hao walikuwa wametoka kwenye mauaji, wakapita kwenye Ebola, wakafika mlangoni pa watu waliokuja kuwaokoa. Sijui neno la kiasi linaloweza kuandikwa hapa, na silitafuti.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa, idadi ambayo peke yake inatosha kuwanyamazisha wanaosema watu wa Kivu huikataa sayansi.

Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyepona mlipuko uliotangulia. Safari hii waliokuwa mbele ni wahudumu wa afya wa mkoa na wa mji, wengi wakiwa wamejifunza kazi katika miaka ile miwili, wanaojua njia za mitaa na wanaojulikana majumbani. Haikuja misafara mirefu. Ni kweli kwamba wengi walikuwa wameshachanjwa, na hilo lilisaidia sana. Lakini majina yalitajwa, milango ilifunguliwa, na tarehe 3 Mei ugonjwa ukatangazwa kumalizika ukiwa umewapata watu 12 na kuua sita.

Siku tatu baadaye, tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini na mkoa jirani wa Ituri kwa amri ya rais, kwa lengo la kukomesha mauaji. Mauaji hayakukoma. Mlipuko ule wa Ebola ulimalizwa kwa mikono ya watu wa Beni na Butembo wenyewe. Ulinzi ndio jambo walilokuwa wakiiomba serikali tangu 2014, na bado serikali ina deni hilo.